Kuzaliwa Kigoma hakutoshi kuvaa jezi ya Taifa Stars

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Ujiji aliingia ofisini kwangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, na bahasha ya kaki iliyochanika kwenye mikunjo. Akaimwaga mezani: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha bibi, na karatasi moja ya Kifaransa yenye muhuri wa komini ya Rumonge, ng'ambo ya mpaka, Burundi. Nyuma yake alisimama kijana wa miaka 17, njumu zimefungwa kamba na kuning'inizwa begani.

"Wakili, wamempigia simu kutoka Bujumbura, wanamtaka kwenye timu ya vijana. Baba yake anasema aende. Mjomba wake anasema akienda kaiuza nchi. Mwanangu, wewe unasemaje?"

Mimi huwa sisemi kitu kabla sijasoma makaratasi. Kazi yangu ni mikataba na usajili wa wachezaji, na nimeshajifunza kwamba mtu akianza na habari za moyo na uzalendo, makaratasi husahaulika mpaka siku ya mechi. Nikavaa miwani. Kadi ya kliniki inasema kazaliwa tarehe 4, cheti kinasema 14. Hilo dogo, kalamu ya nesi tu. Kubwa lilikuwa jina. Cheti chetu kina majina matatu, la mwisho la babu. Karatasi ya Rumonge ina jina lake la ukristo na jina moja la Kirundi ambalo si la baba wala si la babu. Ndivyo walivyo Warundi wengi: jina la ukoo halirithiwi, kila mtoto hupewa lake. Kwa anayejua mila hiyo, huyu ni mtoto yuleyule. Kwa afisa wa FIFA aliyekaa Zurich na kompyuta yake, hawa ni watoto wawili.

Kabla sijaendelea na mama huyu, nimalize kwanza habari ya mchezaji Irankunda, maana kila mteja anayekaa kwenye kiti cha mbele yangu lazima amtaje.

Nestory Irankunda alizaliwa Februari 2006 kwenye kambi ya wakimbizi hapahapa mkoani Kigoma, wazazi wake wakiwa Warundi waliokimbia vita. Jina lenyewe, "ananipenda" kwa maana ya Mungu, Muha yeyote analielewa bila mkalimani. Familia ikapelekwa Australia yeye akiwa bado mchanga. Akakulia Adelaide, akaichezea Adelaide United, mwaka 2024 akaenda Bayern Munich, mwaka 2025 akahamia Watford. Juni 2024 aliingia kuichezea Australia dhidi ya Bangladesh kwenye kufuzu Kombe la Dunia, na siku chache baadaye akaifunga Palestina kwa penalti. Tangu hapo vijiwe vya kahawa vya Ujiji havijatulia: kijana wetu kaibiwa!

Hakuibiwa. FIFA haiulizi kwanza ulizaliwa wapi. Inauliza una uraia wa wapi, uraia wa kudumu, usiotegemea kwamba unaishi mahali fulani. Mahali pa kuzaliwa huja baadaye, kama ushahidi wa kuunga mkono uraia ulioupata ukubwani. Sasa, mtoto wa wakimbizi aliyezaliwa kambini ana uraia wetu? Ukiisoma Sheria ya Uraia ya 1995 kama ilivyoandikwa, kifungu cha 5 kinamtaja aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuwa raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa adui. Wanafunzi wa sheria hulifurahia sana jambo hili. Lakini nenda dirishani uhamiaji ukiwa na kifungu hicho mkononi: utaulizwa mzazi yupi ni Mtanzania. Hakuna? Basi. Kwa hiyo mtoto aliyeondoka hapa akiwa na miezi michache, wazazi wote Warundi, hakuwahi kuwa na pasipoti yetu ya kuichezea. Alikuwa na mlango wa Burundi kupitia wazazi, na wa Australia alikokulia. Kachagua mmoja, na kwa idadi ya mechi alizokwisha kucheza, habari imekwisha.

Kinyume chake kipo pia. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Mghana, Mguinea na Muivory Coast, walipewa uraia wa Tanzania, na watu wakaanza kuwapanga kwenye kikosi cha Stars siku ileile. Subirini kwanza. Aliyepata uraia mpya, FIFA inamtaka awe amezaliwa kwenye nchi hiyo, au mzazi wake wa damu, au babu au bibi. Kama hana lolote kati ya hayo, awe ameishi hapo miaka mitano. Anayehamia kabla hajatimiza miaka 10 anapunguziwa iwe mitatu.

Hicho kipengele cha babu na bibi kwa Kigoma ni hazina, na nashangaa hakizungumzwi. Hebu fikiria Wamanyema wa Ujiji, ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo. Fikiria Ulyankulu kule Tabora, walikopokelewa Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972: mwaka 2014 serikali iliwakamilishia uraia wakimbizi wa kundi hilo wapatao 162,000, kwa sharti la kuukana wa Burundi. Wajukuu wao ni Watanzania kamili wenye bibi aliyezaliwa Burundi. Lakini bibi peke yake si pasipoti. Lazima nchi ya bibi ikupe uraia kwanza, na hapo ndipo Tanzania inakubana: sheria yetu haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Burundi inauruhusu. Kongo kwenye katiba yake inasema uraia wake ni mmoja na haukai na mwingine. Kijana wa Kigoma aliyekwisha kutimiza miaka 18, akichukua pasipoti ya upande wa pili kwa hiari yake, ya hapa anaiaga.

Hili nililijua vitabuni kabla halijaniumiza. Miaka kadhaa nyuma nilimshauri kijana mmoja wa Gungu kwamba mechi za vijana si kitu, aende tu akajaribu, akirudi tutapanga. Akaenda Burundi kupitia mpaka wa Manyovu na wakala aliyemwahidi mambo mengi. Wakala akamtengenezea karatasi mpya za uraia wa huko, kijana akiwa na miaka 19, na nikazijua siku alipokuja kutaka kuhuisha pasipoti yake ya Tanzania. Timu aliyoahidiwa haikumwita. Alikaa miezi akizunguka na barua zangu, huku akikosa usajili pande zote mbili. Kosa lilikuwa langu: nilijibu swali la mpira, la uraia nikaliacha mlangoni.

Kwa upande wa mpira wenyewe, mambo yamelegea kuliko watu wanavyodhani. Zamani ukishagusa mechi moja rasmi ya timu ya wakubwa, umefungwa maisha. Mfano ninaoupenda ni Munir El Haddadi. Septemba 2014, ana miaka 19, Hispania walimwingiza dhidi ya Macedonia dakika za mwisho, kama 13 hivi, mechi ya kufuzu Euro. Hawakumwita tena timu ya wakubwa. Morocco, nchi ya baba yake, wakamtaka kwa Kombe la Dunia la 2018, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikakataa. Dakika kumi na tatu! Septemba 2020 mkutano mkuu wa FIFA ukabadili kanuni, na Machi 2021 Munir akavaa jezi ya Morocco.

Kanuni mpya ina masharti, na ndiyo ninayoyaandika kwa kalamu nyekundu kila mara. Mechi za timu ya wakubwa zisizidi tatu, na hapo hata za kirafiki zinahesabiwa. Zote uwe umezicheza kabla ya kutimiza miaka 21. Ipite miaka mitatu tangu ya mwisho. Usiwe umecheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara, yaani ukikanyaga AFCON mlango umefungwa. Na hili ndilo linalowaangusha wengi: siku ya mechi yako rasmi ya kwanza na timu ya zamani, uwe tayari una uraia wa timu unayotaka kuhamia.

Kwa mechi za vijana ni rahisi zaidi. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura, akafika Uingereza mtoto, akachezea timu zao za vijana ngazi karibu zote. Novemba 2014 akaitwa timu ya wakubwa, hakuingizwa. Septemba 2018 akaichezea Burundi dhidi ya Gabon, akafunga siku hiyohiyo, na mwaka uliofuata akawa nahodha kwenye AFCON ya kwanza katika historia ya nchi hiyo. Gaël Bigirimana, ambaye mashabiki wa Yanga wanamkumbuka, naye alipita njia hiyohiyo ya vijana wa Uingereza kwenda Burundi. Hakuna aliyewaita wasaliti. Sijui kwa nini wa kwetu tunawaita.

Basi nikamgeukia mama. Nikamwambia: kijana wako ana bahati ambayo Irankunda hakuwa nayo kwa upande wetu, wewe ni Mtanzania, na yeye ni Mtanzania kupitia kwako. Baba ni Mrundi, kwa hiyo na huko ana haki yake. Leo ana vyote viwili kihalali kwa sababu ni mtoto. Siku ya kuzaliwa ya 18 ndiyo kisu. Kwenda kambini Bujumbura kufanya majaribio hakumfungi, cha kuogopa ni kusaini karatasi ya uraia bila kunionyesha. Na hayo majina mawili tuyapatanishe kwa kiapo sasa, kabla klabu yoyote haijamsajili kwa jina la pili.

"Kwa hiyo aende?" mama akauliza.

"Aende majaribio, mama. Pasipoti yetu abaki nayo."

Kijana, ambaye muda wote hakufungua mdomo, akasogea mezani. "Anko, wakinipanga benchi kwenye mechi ya kufuzu, nisiingie, inahesabika?"

Nikamwambia hapana, benchi halihesabiki, mpaka ukanyage uwanja mpira ukiwa unachezwa. Akacheka, akamtazama mama yake.

"Basi nitamwambia kocha asiniingize mpaka nikupigie."