Mdundo wa poni anayejifunza kuruka: maana yake

Kwa watu wa farasi, mdundo ni usawa wa muda kati ya kishindo kimoja cha kwato na kinachofuata. Poni, yaani farasi wa kimo kidogo, akitembea, kwato hugusa ardhi moja moja, vishindo vinne. Akienda troti, mwendo wa kukimbia taratibu, miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, kwa hiyo utasikia viwili tu. Kanta, mwendo wa kasi zaidi ya troti, ina vishindo vitatu, kisha kimya kifupi miguu yote ikiwa hewani. Vishindo vikijirudia kwa nafasi zilezile kila hatua, poni ana mdundo. Vikibanana hapa na kuachana pale, hana, hata kama anakwenda pole.

Wengi huchanganya mdundo na kasi. Nenda Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi, siku ya mbio usikilize farasi wanapofunguliwa: vishindo vitatu vya kanta hugeuka kuwa vinne, kasi ni kubwa, na bado farasi mzuri anavipiga kwa usawa. Kasi ni umbali anaoukata kwa muda fulani, na anaweza kuiongeza kwa kurefusha hatua tu, mdundo ukabaki palepale. Wajerumani, katika ngazi yao ya mafunzo yenye daraja sita, wameuweka mdundo daraja la kwanza kabisa. Naona wako sahihi, maana mengine yote huupanda mgongo wake.

Kwenye kuruka, umuhimu wake unatokana na macho. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, lakini mbele tu ya pua yake haoni. Anapofika mahali pa kuondoka ardhini, kiunzi, yaani kizuizi cha fito anachotakiwa kuruka, kimeshampotea, kwa hiyo anaruka kwa kipimo alichokichukua hatua chache nyuma. Hatua zikibadilika hapo mwishoni, kipimo kimeharibika: ataruka kutoka mbali mno, au atajibana chini ya kiunzi na kuangusha fito.

Poni mchanga huwa na shida zaidi kwa sababu uzito wake umelemea mbele, na sasa kuna mtoto mgongoni. Kukimbilia kiunzi ni rahisi kwake kuliko kusubiri na kukalia miguu ya nyuma. Mtoto akiogopa, anavuta hatamu. Poni anainua kichwa, mgongo unabonyea, anazidi kukimbia. Hapo wataanza kumwita mkaidi. Mimi sikubali. Poni wengi wanaopewa jina hilo huku Karen na Lang'ata, Nairobi, wamepandishiwa viunzi kabla hawajatulia kwenye fito zilizolazwa chini.

Fito hizo ndizo mwalimu wa kweli. Lazeni tatu au nne, zikiachana kama mita 1 hadi 1.2 kwa troti ya poni, kutegemea kimo chake, kisha mpitishe bila kumsukuma wala kumvuta. Tazama kwato: zinatakiwa kutua katikati ya nafasi. Akikaribia fito ya mbele au kugonga ya nyuma, nafasi haimfai, na saisi, yaani mtunza farasi, asogeze fito kidogo badala ya mpandaji kupigana na mdomo wa poni. Mpandaji naye ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, moja, mbili," akiinuka na kukaa kwenye tandiko polepole kuliko poni anavyotaka. Poni hufuata mwili ulio juu yake. Mwalimu akisimama kando akamwambia, "Hesabu, mwanangu, nisikie," atajua papo hapo mahali hesabu inapoharakishwa, na mara nyingi ni mtoto aliyeharakisha kwanza.

Fito zikishapitwa kwa utulivu, weka mwishoni kiunzi kidogo cha msalaba, fito mbili zilizopishana, na ufito mmoja chini, kama mita 2 hivi mbele yake, umwonyeshe mahali pa kuondokea. Akianza kukimbia akiwa bado mbali, mzungushe duara kubwa mpaka vishindo vilingane, ndipo arudi kwenye mstari. Usimgeuze akiwa ameshafika. Atajifunza kuwa kukwepa kunaruhusiwa.

Uwanja wenyewe pia usikilizwe. Mvua za Aprili zikishanyesha, udongo mweusi hunata kwenye kwato na hatua hufupika. Fito za wiki iliyopita hazitafaa leo. Januari ardhi hukauka ikawa ngumu, na hapo viungo vya mnyama ambaye bado anakua ndivyo vinavyolipa. Mifupa ya mgongo hukomaa mwisho, karibu na mwaka wa tano au wa sita, kwa hiyo miruko michache mizuri yatosha kwa siku.

Kuhusu kupandisha kimo, mimi hutazama upande wa pili wa kiunzi. Hatua tatu baada ya kutua zikisikika sawa na tatu za kabla ya kuruka, siku baada ya siku, ufito unaweza kuinuliwa tundu moja kwenye nguzo za kiunzi.