Je, wajua kwa nini Achilles huitwa "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi?

Mwanzoni mwa Iliad, utenzi mkongwe wa Wagiriki kuhusu vita vya Troy, unaohusishwa na mtunzi aitwaye Homer, shujaa Achilles ameketi peke yake ufukweni, akilia kwa uchungu wa kunyang'anywa mateka wake Briseis. Mama yake anatokea baharini kumbembeleza, na pale shujaa anapofungua kinywa kumjibu, mtunzi anamwita "Achilles mwepesi wa miguu". Mtu ameketi, tena analia. Wepesi wa miguu unahusu nini hapo? Wala si yeye tu, kwani hata merikebu zilizokokotwa na kulazwa mchangani huitwa "zenye kasi".

Wasomaji wa kale waliihangaikia sana sifa hii, kila mmoja na fasiri yake. Jibu lililogeuza mkondo wa utafiti lilianza kutolewa mwaka 1928 na kijana wa Kimarekani, Milman Parry, katika tasnifu aliyoitetea Sorbonne, jijini Paris. Naamini msomaji wa Kiswahili hulielewa jibu hilo upesi kuliko wengi, kwa sababu sisi tumelelewa na mizani.

Anayetunga utenzi kwa Kiswahili anajua kwamba kila kipande kinadai mizani 8, na kwamba neno lenye maana nzuri lakini lisiloenea hutupwa. Mshororo wa Homer hupimwa kwa mpangilio wa silabi ndefu na fupi, si kwa idadi peke yake, lakini kubanwa ni kule kule. Parry alizikusanya sifa zote zinazoambatana na majina ya mashujaa na miungu, akaona kwamba kinachoamua sifa ipi itumike ni nafasi iliyobaki katika mshororo, wala si hali ya shujaa wakati huo. Nafasi ikiwa finyu, shujaa Odysseus ni "mtukufu" tu. Ikipanuka kidogo, ni "mwenye hila nyingi". Ikizidi kupanuka, ni "mtukufu aliyestahimili mengi". Tena, kwa kila nafasi shujaa huwa na sifa moja, na ni nadra kukuta mbili zenye urefu na umbo lile lile. Akiba pana namna hiyo, isiyo na kitu cha ziada, haiwezi kuwa kazi ya kichwa kimoja. Imekusanywa na vizazi vya waimbaji. Miaka michache baadaye Parry aliongeza kwamba waimbaji hao waliihitaji kwa sababu walitunga papo hapo, mbele ya watu, bila kalamu.

Kuthibitisha hilo kulihitaji waimbaji walio hai, naye akawafuata Yugoslavia mwaka 1933, kisha akarudi huko 1934 hadi 1935 akiwa na mwanafunzi wake Albert Lord. Waimbaji wa huko walipiga gusle, chombo cha jamii ya zeze chenye uzi mmoja wa singa za farasi, na kila mshororo wao ulikuwa na mizani 10, ukiwa na kituo baada ya mizani ya nne. Parry alibeba mtambo wenye visahani viwili vya kuzungushia santuri za alumini, kimoja kikijaa kingine kikipokea, ili mwimbaji asikatizwe.

Huko Bijelo Polje, Montenegro, walimpata Avdo Međedović, muuza nyama asiyejua kusoma wala kuandika. Siku moja Parry alimketisha asikilize mwimbaji mwingine akiimba hadithi ambayo yeye hakuwahi kuisikia, yenye mishororo 2,294. Ilipokwisha, Parry alimwomba Avdo aiimbe. Avdo akaiimba hadithi ile ile kwa mishororo 6,313, akiongeza mavazi, farasi, hotuba na mawazo ya wahusika pale mwenzake alipopita mbio.

Jambo linalonivutia zaidi ni lingine. Wapo waimbaji walioapa kwamba wimbo wao haubadiliki hata neno, ilhali santuri zilionyesha tofauti tele kati ya uimbaji mmoja na mwingine. Hawakuwa waongo. Kwao "neno" lilikuwa tukio zima au fungu la maneno, si kile tunachokitenga sisi kwa nafasi nyeupe kwenye karatasi.

Parry alifariki mwishoni mwa 1935, akiwa na umri wa miaka 33, na Lord ndiye aliyeyatoa matokeo kwa ukamilifu katika kitabu cha mwaka 1960. Hata hivyo, nadharia hii ina mipaka. Washairi wa Kisomali hutunga kwa kutafakari kwanza, kisha shairi huhifadhiwa kichwani na kukaririwa neno kwa neno. Nasi tunao Utendi wa Tambuka, uliopo katika maandishi kwa herufi za Kiarabu tangu 1728. Mafungu ya maneno yanayorudiwa katika tungo za namna hiyo hayatoshi kuthibitisha kwamba hazikuandikwa.

Je, maneno ya Homer yalifikaje kwenye maandishi? Lord alidhani kwamba Homer aliyatamka na mtu mwingine akayaandika. Lord mwenyewe aliwahi kuona jambo hilo likitendeka: mwaka 1935 Avdo alitamka utenzi wa mishororo 12,311, urefu unaokaribiana na ule wa Odyssey, utenzi mwingine unaohusishwa na Homer, huku msaidizi wao Nikola Vujnović akiuandika kwa mkono, siku baada ya siku.