Je, wajua kwa nini mhusika wa riwaya ya kale hawezi kula bukari?

Mwandishi wa Lubumbashi akiamua kutunga riwaya inayotokea kandokando ya Ziwa Kisale miaka elfu moja iliyopita, kikwazo cha kwanza atakutana nacho jikoni. Atamketisha mvuvi na mkewe jioni, atawaandalia bukari, yaani ugali, wa mahindi, sombe ya majani ya mihogo na pilipili kali, na kwa sentensi hiyo moja atakuwa amekosea mara tatu. Mahindi, mihogo na pilipili asili yao ni bara la Amerika; havikuvuka bahari hadi baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na vilichukua muda mrefu zaidi kupenya hadi katikati ya Afrika. Hata matembele hayamwokoi, kwa sababu viazi vitamu navyo vilitoka hukohuko, sawa na nyanya, karanga na maharage tunayoyapika kila wiki. Kinachobaki ni mtama, ulezi, kunde, njugu mawe na samaki wa mto Lualaba. Kwa hiyo, kabla mume hajamwambia mke neno lolote, mwandishi lazima ajue mtama unavyotwangwa na kusagwa juu ya jiwe, kazi hiyo inavyochosha mabega, na jinsi inavyokula sehemu kubwa ya siku ya mwanamke ambaye yeye alitaka tu apakue chakula.

Nimeanza na chakula kwa makusudi. Wengi hudhani kwamba ugumu wa riwaya ya kale uko katika wafalme, vita na majina ya miji, kumbe hayo ndiyo mepesi zaidi, maana palipo na maandishi au masimulizi ya wazee, mambo makubwa ndiyo yaliyohifadhiwa kwanza. Kinachomtesa mtunzi ni yale ambayo hakuna mtu aliyeona haja ya kuyahifadhi. Mwanahistoria akifika mahali pasipo na ushahidi anaruhusiwa kuandika kwamba jambo hilo halijulikani, kisha akaendelea na aya inayofuata. Mtunzi wa riwaya hana ruhusa hiyo: mhusika wake lazima aamke, akalie kitu fulani, aitwe jina fulani, amwogope mtu fulani.

Tuchukue Sanga, mahali palipo ukingoni mwa Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, jimbo la Haut-Lomami. Mwaka 1957 na 1958, watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua hapo makaburi mengi ya kale, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliiendeleza kazi hiyo. Sehemu kubwa ya makaburi hayo ni ya kati ya karne ya 8 na karne ya 14. Ndani yake mlikutwa vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, vikuku na mikufu ya shaba, vichwa vya mikuki, vyusa vya kuvulia samaki, na katika makaburi machache kauri za baharini na shanga za kioo zilizotoka pwani ya Bahari ya Hindi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Shaba yenyewe haipatikani ziwani. Ilibebwa kutoka kusini, kwenye ukanda wa madini wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Watoto nao walizikwa na vyungu, lakini vyungu vidogo. Hapo ndipo mtunzi anapopata kitu cha kushika, kwa sababu chungu kidogo kinamaanisha kwamba kulikuwa na mikono iliyokifinyanga kwa kipimo hicho, na mtu aliyeamua kwamba mtoto asiondoke mikono mitupu.

Lakini makaburi hayo hayasemi watu hao walijiita nani. Jina la Kisale wanalopewa na wataalamu ni la ziwa tu. Hatuna hata jina moja la mtu wa Sanga wa wakati huo, wala wimbo, wala tusi, wala namna mkwe alivyomsalimu mama mkwe. Tunajua mengi juu ya siku moja ya maisha yao, siku ya kuzikwa, na riwaya inahitaji siku nyingine zote.

Tarehe nazo zina mtego wake. Umri wa makaa na mifupa hukadiriwa kwa kupima kaboni ya mionzi iliyobaki ndani yake, na jibu linalotoka si mwaka mmoja bali kipindi, mara nyingi cha karne nzima au zaidi. Mtunzi asipoangalia, ataweka katika tukio moja vitu viwili ambavyo kati yake vilipita vizazi vitano. Mfano ulio karibu nasi ni misalaba midogo ya shaba, ile ambayo kila mtu wa hapa anaitambua, iliyowekwa hata kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Inavutia sana kumwandika mfanyabiashara wa karne ya 9 akihesabu misalaba hiyo sokoni kama fedha. Katika makaburi ya Upemba, hata hivyo, inaonekana kwa wingi katika kipindi kilichofuata, kuanzia karibu karne ya 14. Mtunzi mwaminifu atamnyang'anya mfanyabiashara wake fedha hiyo, kisha atalazimika kujiuliza alilipa kwa kitu gani: samaki wakavu, chumvi, au ahadi ya kumwoza binti?

Pengo kama hilo hujazwa kwa kukopa kutoka nyakati zilizo karibu zaidi, na hapo pana faida na hatari kwa pamoja. Huko Kamilamba, katika bonde hilohilo, kaburi la karibu karne ya 8 au ya 9 lilikutwa na fuawe la chuma pamoja na shoka ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari, na shoka la namna hiyo lilikuwa bado alama ya ukubwa kwa machifu wa Waluba zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Hali kadhalika, mwaka 1924 wazee wa Katanga waliowahi kuyeyusha shaba walionyesha tena kazi yao, kuanzia kuchimba mawe ya kijani baada ya mavuno ya mtama, hadi kuvukuta moto wa makaa mpaka shaba hiyo nyekundu itiririke, jambo linalotaka joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mabaki ya uyeyushaji wa karibu karne ya 4 yamepatikana Naviundu, hapa hapa Lubumbashi, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kale kweli. Hata hivyo, kazi ikidumu haimaanishi kwamba imani, miiko na nyimbo zake zilidumu bila kubadilika. Kumtwika mtu wa karne ya 9 kila mwiko wa mzee wa mwaka 1924 ni kudai kwamba babu zetu hawakuwahi kuwaza jambo jipya, na mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko kumlisha bukari.

Je, wanaoandika kuhusu Misri au Roma wana nafuu? Wana maandishi, ila mengi ya maandishi hayo yametoka kwa wachache waliojua kusoma au waliowalipa wasomi. Ndiyo maana mtunzi wa Misri ya kale hufurahia kigae kimoja cha mawe kuliko kaburi la farao. Kipo kigae cha mwaka wa 40 wa utawala wa farao Ramesses II, takriban miaka 3,270 iliyopita, kilichoorodhesha wafanyakazi waliokosa kufika kazini na sababu zao: huyu ameumwa na nge, yule anatengeneza pombe, mwingine anaugua macho. Mistari michache kama hiyo inampa mtunzi kijiji kizima. Sisi wa Upemba hatuna kigae kama hicho, na hakuna juhudi ya kusoma itakayokileta.

Ugumu unaonigusa zaidi uko Katoto, upande wa Bukama, ambako lilifukuliwa kaburi moja lenye watu kadhaa: mwanamume pamoja na wanawake na watoto. Mifupa haisemi walikufaje, wala kama waliingia humo kwa hiari, kwa nguvu au kwa ugonjwa mmoja uliowapitia. Tuseme mtunzi anachagua kwamba waliuawa ili wamsindikize mkubwa wao. Akimfanya mmoja wa wanawake hao afikiri kama mwanamke wa leo wa mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, mwenye kudai haki yake mbele ya hakimu, atakuwa amemfuta mwanamke wa kale kabisa. Akimfanya aende kaburini akiwa mtulivu kwa sababu ndiyo desturi, atakuwa amemnyima hofu ambayo kila mwili wa binadamu unaijua. Naamini njia iliyopo ni nyembamba: aogope kwa mwili wetu, lakini atafute maana kwa imani yake mwenyewe, na imani hiyo mtunzi aijenge polepole kutokana na vile vyungu, zile shanga na jinsi maiti walivyolazwa.

Kisha kuna mazungumzo. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimejaa maneno ya mgodini, ya ofisini na ya Kifaransa, na hata Kiswahili sanifu kina maneno mengi yaliyokuja na biashara ya bahari. Wapo wanaojaribu kuyaondoa yote, na matokeo yake ni wahusika wanaoongea kana kwamba wamefungwa midomo. Kipimo kinachofaa zaidi ni cha vitu: mhusika anaweza kusema «wakati» au «habari», kwa sababu watu wa Sanga walikuwa na wakati na walipashana habari, lakini asiseme «nisubiri dakika tano», wala asiweke kibuyu juu ya meza.

Anayetaka kuanza asianze na kurasa. Aende kwanza Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946, aitazame misalaba ya shaba kwa karibu, kisha afike ziwani kwa wavuvi wanaovua mpaka leo, awaulize maji hupanda mwezi gani na samaki gani huja nayo. Na riwaya ikikamilika, aweke mwishoni ukurasa mmoja unaomweleza msomaji ni vitu gani vilitoka makaburini na ni vipi alivibuni mwenyewe, kuanzia majina ya wahusika wote.