Neema tangulizi: hiari huanzia wapi?

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, angeuliza: na hiari yenyewe ikiwa utumwani? Hapo ndipo inapohitajika dhana ya neema tangulizi, yaani neema inayomfikia mtu kabla hajamtaka Mungu, ikauamsha utashi wake hadi akataka. Si malipo ya kuanza vizuri. Huko kuanza ndiko kazi yake.

Ukiwasoma mababa wa Kanisa harakaharaka utadhani wanapingana tu. Tazama kwanza kila mmoja anamjibu nani. Origenes, mwanateolojia wa karne ya 3, aliitetea hiari dhidi ya waliodai kuwa watu huumbwa na asili ya kuokoka au ya kupotea. Na moyo wa Farao, ambao Biblia yasema Mungu aliufanya mgumu? Jua ni lilelile, alisema: nta huyeyuka, tope hukauka. Augustino naye, alipoanza kuandika kitabu chake kuhusu hiari mwaka 388, aliwalenga Wamanikeo, wafuasi wa dini iliyofundisha kuwa uovu hutoka kwa nguvu ya giza. Baadaye Pelagius, mcha Mungu mkali kutoka Britania, akayanukuu maneno ya kitabu hichohicho kujitetea. Augustino ikabidi ajieleze.

Pelagius hakulikataa neno neema, na hili husahaulika. Kwake neema ilikuwa uwezo wa kuchagua tuliojaliwa, sheria, mfano wa Kristo, msamaha wa dhambi. Kwa Augustino hayo hayatoshi: aliyepooza hata ukimwonyesha njia hatembei. Akamshikilia Paulo: "Una nini usichokipokea?" (1 Wakorintho 4:7). Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagius.

Kisa ninachokipenda zaidi kilitokea Hadrumetum, Sousse ya leo nchini Tunisia, kwenye mwaka 426 hivi. Baadhi ya watawa, baada ya barua ya Augustino kuhusu neema kuwafikia, wakaja na hoja tamu: ikiwa utii ni neema, basi abati, mkuu wa monasteri, asitukemee, atuombee tu! (Mwalimu yeyote wa bweni anaijua hoja hii.) Augustino aliwaandikia kwamba tunapotaka, ni sisi tunaotaka, ila Mungu ndiye anayetuwezesha kulitaka jema. Na kukemewa kwenyewe kunaweza kuwa mlango wa neema. Neema haitaki badala ya mtu.

Yohane Kasiano, mtawa wa Marseille, alitaka kuiachia hiari nafasi kidogo. Alikubali kwamba Paulo alivutwa bila kutaka, lakini Zakayo, aliyepanda mti ili amwone Yesu, je? Si alianza mwenyewe? Sinodi ya Orange ya mwaka 529 ikaamua kuwa hata mwanzo wa imani ni zawadi, huku ikiwalaani wanaosema Mungu amewapangia watu uovu. Na ikamtaja Zakayo kwa jina: hata ile hamu iliyompandisha mkuyuni alipewa.