Kwa nini metali iliyoyeyuka hukawia kuganda?

Je, wajua kwamba nikeli, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, yaweza kupozwa zaidi ya nyuzi 300 chini ya hapo na bado ikabaki majimaji? Mmarekani David Turnbull alilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa matone madogo mno. Chembe moja ya uchafu hutosha kuanzisha kuganda, na metali ikigawanywa kuwa matone mengi, mengi yao hukosa uchafu wowote.

Jambo hili lilikuwa fumbo. Katika nikeli ngumu kila atomi huzungukwa na majirani 12, na ikiyeyuka majirani hao hawapungui sana. Kama mpangilio unakaribiana hivyo, kuganda kunazuiwa na nini?

Mwaka 1952 Charles Frank, wa Chuo Kikuu cha Bristol, alitoa jibu: majirani 12 hawapangiki kwa njia moja tu. Wanaweza kukaa kwenye ncha za umbo lenye nyuso 20 za pembetatu, na kwa hesabu zake kikundi hicho cha atomi 13 hushikamana kwa asilimia 8.4 zaidi ya kile cha mpangilio wa fuwele, yaani ule wa metali ngumu, unaojirudia kwa utaratibu bila kuacha mianya. Tatizo ni kwamba umbo hilo lina ulinganifu wa pembe tano, na fundi yeyote wa vigae anajua: vigae vya pembe tano sawa havijazi sakafu, lazima mianya ibaki. Ili metali igande, atomi hazina budi kwanza kuvunja vikundi zilivyovipenda.

Joto ndilo linaloamua vikundi vitakuwa vingi kiasi gani. Metali ikiwa moto sana, vikundi hujengeka na kuvunjika papo hapo. Ikipoa, huongezeka na kudumu kidogo. Aloi, yaani metali iliyochanganywa na elementi nyingine, huvipenda zaidi, kwa kuwa kitovu cha umbo hilo ni kifinyu: atomi iliyo ndogo kwa takriban asilimia 10 kuliko wenzake hukaa pale barabara. Mwaka 2003 mwanafizikia Kenneth Kelton na wenzake walielesha tone la titani, zirkoni na nikeli kwa nguvu za umeme, bila chombo cha kuligusa, wakalimulika kwa eksirei huku likipoa. Dalili za vikundi hivyo zikazidi kadiri joto liliposhuka.

Linalonishangaza zaidi ni hili: aluminiamu iliyoyeyuka ikizidi kupashwa joto hutanuka kwa jumla, lakini wastani wa umbali kati ya atomi na majirani zake wa karibu hupungua. Majirani hupungua idadi, na wachache wanaobaki husogeleana.

Na ukiipoza aloi kwa kasi kubwa, atomi hukosa muda wa kujipanga upya. Ndivyo kundi la mtafiti Pol Duwez huko California lilivyofanya mwaka 1960 kwa dhahabu na silikoni, likapata metali ngumu isiyo na fuwele: kioo cha metali.