Mwasho kuisha si fangasi kupona

Wengi huingia duka la dawa wakiomba "ile krimu kali", yaani ya mchanganyiko yenye steroidi (dawa ya kutuliza mwasho na wekundu) kama betamethasoni au klobetasoli ndani yake, kwa kuwa mwasho hutulia baada ya siku mbili tu. Naelewa kwa nini inapendwa. Lakini kilichotulia ni mwasho na wekundu. Steroidi hupunguza kinga ya ngozi, na fangasi wakapata nafasi ya kusambaa. Duara la choa hupoteza ukingo wake, hata daktari anaweza asilitambue. Kinenani na mapajani, ngozi huweza kubaki na michirizi isiyofutika.

Kwa choa mwilini, krimu ya tabinafini ya 1% huua fangasi, na mara nyingi wiki 1 hadi 2 zinatosha. Klotrimazoli ya 1% hasa huwazuia kukua, ndiyo maana hutaka wiki 2 hadi 4, ukipaka angalau mara mbili kwa siku. Vuka ukingo wa duara kwa sentimita 2, na usiache eti kwa sababu hujikuni tena.

Mapunye ya kichwani ni habari nyingine kabisa: krimu haifiki kwenye shina la unywele, hivyo mtoto anahitaji dawa ya kumeza atakayoandikiwa hospitali.