Historia mbadala sio "zamani yenye uchawi"

Kuna namna moja ya kusifia riwaya siku hizi naiona kila mahali. Kinatoka kitabu cha pili cha fantasia ya vijana, ndani yake kuna msitu wenye ukungu, upanga, binti wa miaka 16 aliyegundua kwenye kitabu cha kwanza kwamba damu yake ni ya ukoo wa kale wa Kikelti, kuna Merlin, yule mchawi wa hadithi za Mfalme Arthur, au mtu wa aina ya Merlin, alafu msomaji anamalizia, "kama unapenda historia mbadala, hiki usikose". Unakisoma chote mpaka kurasa za mwisho na hiyo historia mbadala huioni. Kitabu chenyewe kinaweza kuwa kizuri kabisa, sina ugomvi nacho, ila jina kililopewa ni la kitu kingine.

Historia mbadala ni hadithi inayochukua jambo lililotokea kweli, inaligeuza lisitokee au litokee vingine, kisha inaifuata dunia inavyokwenda kuanzia hapo. Basi, ndo hiyo tu. Napoleon hashindwi Urusi, Roma haianguki, mtu fulani risasi inamkosa. Mchezo wenyewe ni wa zamani sana, Livy, mwanahistoria wa Roma, kwenye kitabu cha tisa cha historia yake anasimamisha masimulizi ili ajiulize ingekuwaje kama Aleksanda Mkuu angegeukia magharibi akapigana na Warumi (jibu lake, bila shaka, Warumi wangeshinda). Mwaka 1836 Mfaransa Louis Geoffroy akaandika kitabu kizima cha Napoleon aliyeiteka dunia. Mwaka 1876 mwanafalsafa Charles Renouvier, Mfaransa pia, akaupa mchezo huu jina la uchronie, yaani wakati usiokuwepo, kwa mfano wa utopia ambayo ni mahali pasipokuwepo, na mpaka leo Wafaransa wanatumia neno hilohilo. Wote watatu wanafanya jambo moja: wanakuonyesha kwa kidole pale njia ilipogawanyika. Hapa, siku hii, vita hivi. Kama hakuna mahali pa kuonyeshea kidole, hakuna historia mbadala.

Sasa tuje kwenye Wakelti, wale wenyeji wa kale wa Britania na Ireland, maana hapa ndo vitu vinachanganywa zaidi.

Aliyesoma fasihi simulizi sekondari anajua mighani, ile hadithi ya shujaa wa jamii ambayo mizizi yake inadaiwa kuwa ya kweli lakini imekuzwa mpaka shujaa anakuwa zaidi ya binadamu. Fumo Liyongo ni mighani. Huwezi kumuua kwa mkuki wala mshale, ila sindano ya shaba kitovuni, tena kwa mkono wa mwanawe, na hakuna mtu wa Lamu wala wa Pate atakayekwambia hiyo ni historia mbadala ya pwani. Ni mighani, na heshima yake inatosha. Mfalme Arthur, shujaa wa Britania ya kale, yuko kapu hilohilo. Gildas, mtawa wa karne ya 6, anavitaja vita vya Badon, ambavyo baadaye vilihesabiwa vya Arthur, lakini Arthur hamtaji kabisa, anakuja kutokea kwenye Historia Brittonum, karibu mwaka 829, akiwa kiongozi wa vita 12 dhidi ya Wasaksoni, watu wa Kijerumani walioivamia Britania, na baadaye kama mwaka 1136 Geoffrey wa Monmouth anampa ufalme mkubwa, anamwingiza na Merlin kwenye hadithi ya kuzaliwa kwake, anampeleka mpaka Gaul, Ufaransa ya leo, kuwapiga Warumi. Geoffrey hakuandika historia mbadala. Alileta kazi yake kama historia, na watu wengi waliiamini hivyo kwa karne nyingi. Hajageuza kilichojulikana, amejaza pasipojulikana, na hayo ni mambo mawili yaliyo mbalimbali sana. Kwahiyo mwandishi wa leo akimchukua Arthur akamfanya kijana wa shule, au akampa dada mwenye uwezo wa kuongea na kunguru, anasimulia mighani upya. Dunia iliyobaki haijaguswa. (Na Lancelot, yule askari maarufu wa Arthur, ambaye kila mtu humtaja akitaka kuonyesha "Ukelti" wa stori hizi, tunamkuta kwa mara ya kwanza kwa Mfaransa Chrétien de Troyes, karne ya 12.)

Kuna aina ya pili inayochanganywa, na hii kusema ukweli ndo inayonisumbua zaidi kwa sababu inafanana sana na historia mbadala ukiiangalia kwa mbali. Naiita historia ya siri. Ni pale mwandishi anapokwambia kwamba nyuma ya yale unayoyajua kulikuwa na madruidi, wale makuhani wa Wakelti, waliojificha, kwamba moto fulani mkubwa wa London uliwashwa na joka, kwamba malkia fulani alikuwa na pete ya kichawi, lakini mwisho wa kitabu kila kitu kimerudi palepale, mfalme ni yuleyule, vita vimeisha vilevile, na gazeti la leo asubuhi lisingebadilika hata mstari. Uchawi umeongezwa chini ya zulia. Historia haijawa mbadala, imepewa tu sababu nyingine. Ni aina nzuri, ina wapenzi wake, lakini ni kinyume cha historia mbadala, sababu historia ya siri inafanya kazi kubwa ili dunia isibadilike na historia mbadala inafanya kazi kubwa kuibadilisha.

Alafu wapo wanaokwenda upande mwingine wanasema basi uchawi ukiingia tu, sio historia mbadala tena. Hapana, hilo nalo silikubali. Uchawi unaweza kuwa ndo pale penyewe njia ilipogawanyika, na kwa Wakelti iko siku moja ambayo kama imetengwa kwa ajili ya mwandishi wa aina hii.

Mwaka 60 au 61, jenerali wa Kirumi Suetonius Paulinus alifika kwenye mkono wa bahari unaoitenga Wales na kisiwa cha Mona, leo kinaitwa Anglesey, ngome ya madruidi. Askari wa miguu walivuka kwa mashua zenye matako bapa, wapanda farasi wakapita kwenye maji ya kina kifupi au kuogelea na farasi wao. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaeleza walichokikuta ufukweni: safu ya watu wenye silaha, wanawake wamevaa nguo nyeusi, nywele zimetimka, wanakimbia katikati ya safu na mienge mikononi, na madruidi kwenye duara wameinua mikono juu wanamimina laana. Na askari wa Roma, watu waliozoea vita, wakaganda. Anasema walisimama kama viungo vimepooza, wanapigwa hawajisogezi. Mpaka jenerali wao alipowahimiza, na wao wenyewe wakahimizana wasiogope kundi la wanawake, ndipo wakasonga mbele, wakashinda, na yale mapori matakatifu yakakatwa.

Hebu tulia hapo kidogo. Kwa muda fulani, kwa maelezo ya mwanahistoria wa Kirumi mwenyewe, laana ilikuwa inafanya kazi. Mwandishi anachotakiwa kufanya ni kuacha iendelee. Askari hawaamki. Paulinus anafia ufukweni. Hapo uchawi haujafichwa chini ya zulia, umegeuza siku yenye tarehe.

Na uzuri wa siku hiyo ni kwamba nyuma yake kuna jambo jingine lilikuwa linachemka. Wakati Paulinus yuko Mona, upande wa pili wa nchi Boudica wa kabila la Iceni alikuwa ameinuka. Mume wake Prasutagus aliacha wosia unaomfanya kaisari Nero mrithi pamoja na mabinti zake wawili, akidhani kwa kufanya hivyo nyumba yake itakuwa salama, na Warumi wakachukua kila kitu, wakamchapa Boudica viboko na mabinti wakabakwa. Jeshi lake likachoma Camulodunum, ambayo ni Colchester ya leo, likachoma London, likachoma Verulamium, ambayo ni St Albans ya leo, Tacitus anataja watu kama 70,000 waliouawa, na mpaka leo wachimbaji London na Colchester wanakutana na tabaka la udongo mwekundu ulioungua kwa moto huo. Aliyemzima ni huyohuyo Paulinus aliyerudi haraka kutoka Mona. Sasa kama Paulinus hakurudi? Tena Warumi wenyewe hawakuwa wameing'ang'ania sana Britania, Suetonius yule mwandishi wa maisha ya makaisari anasema Nero aliwahi kufikiria kuwaondoa askari wake huko, kilichomzuia ni aibu ya kuonekana anaporomosha utukufu wa babaye wa kulea, Claudius, aliyeiteka Britania.

Na wale mabinti wawili wa Boudica, Tacitus hakuandika majina yao na baada ya vita hawaonekani tena popote. Kwa mwandishi wa vijana huo ni mlango uliofunguliwa wazi.

Hapa sasa ndo kitabu cha pili kinaingia, na ndo maana nalishikilia hili. Kitabu cha kwanza cha historia mbadala kina kazi rahisi, kinageuza siku. Msisimko upo, vita vipo, binti anainua upanga, umemaliza. Kitabu cha pili ndo kinachoonyesha kama mwandishi alikuwa anaandika historia mbadala kweli au alikuwa anatafuta tu mandhari, sababu sasa dunia lazima ianze kulipa deni la siku ile.

Chukua majina tu. Kila shabiki wa mpira anaijua Manchester, anaijua Leicester. Ile "chester" na "cester" inatoka kwenye neno la Kilatini la kambi za jeshi la Kirumi, na ngome ya Manchester ilijengwa karibu mwaka 79, yaani karibu miaka 20 baada ya Mona. Kama Roma iliondoka mwaka 61, hakuna hiyo ngome na hakuna hilo jina. London yenyewe ni mji uliojengwa na Warumi, ulikuwa hauna hata miaka 15 Boudica alipouchoma, nani angeujenga tena na kwa ajili ya biashara gani? Kiwelisi, ambacho waandishi hawa wanapenda kukitumia kama lugha ya kale isiyoguswa, kinaita dirisha ffenestr, daraja pont, kanisa eglwys, kitabu llyfr, yote ni Kilatini kilichozama humo wakati wa utawala wa Roma. Malkia Victoria wa 1837 hawezi kuwepo, wala ukoo wake ulioletwa kutoka Hanover mwaka 1714, kwahiyo ukikuta "madruidi walishinda" alafu sura ya tatu binti anapita mbele ya kasri la Victoria kwa gari la farasi, ujue mwandishi aligeuza siku kisha akasahau kwamba aliigeuza.

Na Arthur naye anapotea. Hili wengi hawalioni. Arthur wa Historia Brittonum ni mtu wa wakati ambapo Roma imeshaondoka, karne ya 5 kuingia ya 6, anapigana na Wasaksoni walioingia kwenye nchi iliyoachwa bila jeshi. Mwondoe Mrumi mwaka 61 na ile nafasi ya Arthur haipo tena, au ipo kwa namna nyingine kabisa ambayo mwandishi anatakiwa aitafute. Huwezi kuwa na Boudica aliyeshinda na Arthur aliye vilevile kwenye rafu moja.

Linalonigusa zaidi ni Ireland. Roma haikuitawala Ireland, kwahiyo mtu anaweza kudhani Cú Chulainn, shujaa wa mighani ya Ireland, na jamaa zake wote wako salama. Lakini sisi tunawajua kwa sababu waliandikwa, na walioandika ni watawa wa Kikristo. Na Patrick, anayehesabiwa mtume wa Ireland, alikuwa kijana wa Britania ya Kirumi aliyetekwa na maharamia wa Kiirishi karne ya 5. Bila Britania ya Kirumi hakuna huyo Patrick, na hao watawa wanaweza wasiwepo, au wachelewe sana. Upande wa pili, madruidi Julius Caesar anasema hawakukubali mafundisho yao yaandikwe, mwanafunzi aliyakariri, wengine mpaka miaka 20. Ina maana kwenye dunia ambayo Wakelti walishinda, mighani ya Wakelti isingekuwa kwenye ngozi wala karatasi, ingekuwa vichwani mwa watu, na ikipotea vichwani imepotea. Yule binti wa kitabu cha pili anayeteremka kwenye chumba cha chini akakuta gombo la kale la madruidi limefunikwa vumbi, mahali pake ni kwenye historia ya siri. Kwenye historia mbadala angelazimika kumtafuta mzee aliyekariri.

Kwahiyo ukitaka kumtajia rafiki kitabu cha namna hii, tafuta kwanza ile siku. Ukiiona, na ukaona kitabu cha pili kinaishi na matokeo yake, kiite historia mbadala kwa moyo wote hata kama kimejaa mazimwi. Kama siku haipo, sema ni mighani ya Kikelti iliyosimuliwa upya kwa vijana, au sema ni historia ya siri, na anayependa vitu hivyo atakitafuta hichohicho kwa jina lake.